Je, wajua kwa nini tumbawe uyoga huachia jiwe na kuelea ndani ya tangi la kufugia viumbe wa bahari?

Tumbawe uyoga (Discosoma na jamaa zake) halina mifupa. Matumbawe magumu yanayojenga miamba ya Tanga hujitengenezea chokaa na kufungwa hapo maisha yao yote, lakini tumbawe uyoga ni nyama tupu iliyoshika jiwe kwa mguu wake. Mahali pakilishinda, hulegeza mguu na kuuachia mkondo ulipeleke kwingine. Kulirudisha palepale kwa gundi ni kazi bure: ute wake hauishiki gundi, na kilicholifukuza bado kipo.

Kwa aliye Tanga, cha kwanza kupima ni chumvi. Maji ya bahari huwa na takriban gramu 35 za chumvi kwa lita. Tangi la lita 100 basi lina gramu 3,500. Maji hupaa, chumvi hubaki, sawasawa na mchuzi ulioachwa jikoni bila mfuniko. Katika joto la kaskazi, tangi la wazi lenye feni linaweza kupoteza lita 2 kwa siku. Usipoongeza maji kwa siku tano, gramu zilezile 3,500 zitakuwa ndani ya lita 90, yaani karibu gramu 39 kwa lita. Samaki wengi watavumilia. Tumbawe uyoga litanywea, kisha litaondoka. Bandika utepe kwenye kioo kuonyesha kimo cha maji, na kila asubuhi jaza hadi hapo kwa maji yasiyo na chumvi. Chumvi ikishapanda, ishushe polepole, isizidi gramu 1 kwa lita kwa siku.

Maji ya kujazia ndiyo yanayoponza wengi. Ya bomba yana klorini, ya visima vya pwani mara nyingi yana chumvi zake, na ya mvua yaliyokingwa kwenye mabati hubeba zinki, ambayo ni sumu kwa wanyama hawa. Tumia maji yaliyotoneshwa, yaani mvuke uliopozwa ukawa maji tena, au yaliyopita kwenye mtambo wa osmosisi, unaochuja chumvi kwa utando. Ukichota maji ya bahari kwa ajili ya kubadilisha asilimia 10 kila wiki, chota yakiwa yamejaa, mbali na bandari na mbali na midomo ya mito. Mkulumuzi na Sigi humwaga maji katika ghuba ya Tanga, na wakati wa masika chumvi ya ufukweni hushuka sana. Pima kila ndoo.

Kisha joto. Ndani ya nyama ya tumbawe huishi mwani mdogo mno unaolilisha kwa mwanga. Maji yakikaa juu ya nyuzi 30 kwa siku kadhaa, tumbawe huutema mwani huo na kubaki jeupe. Ndivyo miamba mingi ya Tanzania ilivyopauka mwaka 1998. Lenga nyuzi 25 hadi 27. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji hupunguza nyuzi 2 au 3, ingawa hewa ikiwa na unyevu mwingi nguvu yake hupungua.

Mwanga na mkondo utavisoma kwenye umbo lenyewe. Likijikunja na kupauka, mwanga ni mkali: lishushe chini, kivulini. Likirefusha shingo na kujikunja kama kikombe, linatafuta mwanga. Mkondo uwe wa kutikisa kingo tu. Maji yaliyosafishwa kupita kiasi nayo hulinyima chakula. Nitrati, kirutubisho kitokanacho na uchafu wa samaki, ya miligramu 5 hadi 15 kwa lita inalifaa.

Angalia pia majirani. Matumbawe laini ya aina ya ngozi, Sarcophyton na Sinularia, hutoa kemikali za kuwadhoofisha wenzao. Weka mkaa ulioamilishwa kwenye kichujio na uubadilishe kila mwezi. Na kamwe usitibu samaki kwa mrututu ndani ya tangi lenye matumbawe: shaba iliyomo huyaua.

Ukishaondoa sababu, chukua bakuli dogo la plastiki, tandika vipande vya makombe vyenye ukubwa wa maharage, weka tumbawe mdomo juu, funika kwa kipande cha chandarua kisicho na dawa na ufunge kwa mpira. Liache kwenye kivuli na mkondo hafifu. Kwa kawaida litashika kombe ndani ya wiki moja hadi tatu. Hapo ndipo gundi ya sianoakrilati (super glue) inapofaa, kwa kuwa sasa unagundisha kombe kwa jiwe. Lile jiwe la zamani usilisugue: mara nyingi kipande cha mguu hubaki hapo na kuota tumbawe jipya.

Ukitaka mengine, usiende kuyang'oa mwambani. Kufanya hivyo bila kibali ni kosa, na sehemu kubwa ya pwani hii ni Hifadhi ya Bahari ya Silikanti tangu mwaka 2009. Pata kipande kwa mfugaji mwenzako, au kata lako likiwa na afya: vaa glavu na miwani, pitisha wembe mkali katikati ya mdomo ili kila nusu ibaki na sehemu yake, suuza ute kwa maji ya tangi, kisha weka nusu zote mbili kwenye bakuli la makombe.