Mita moja si kinga kama madirisha yamefungwa

Kila maradhi ya kifua yakizuka, ukumbi nnaoitwa kukagua, skuli, hata madrasa, naambiwa neno lile lile: "bwana afya usiwe na wasiwasi, viti tushavipima mita moja moja." Na kweli unakuta alama za chaki zimenyooka vizuri sakafuni, afu madirisha yamefungwa yote, pazia zimeshushwa, viyoyozi vinanguruma na watu wamejaa humo ndani masaa matatu. Sasa hapo mmepima nini jamani?

Mita moja ina kazi yake, siikatai. Mtu akikohoa yale matone makubwa yanaanguka karibu yake, ukikaa mbali kidogo unayakwepa. Lakini mtu akisema, akiimba, hata akipumua tu, anatoa na chembe ndogo mno ambazo hazianguki upesi, zinaelea na kusambaa, na chumba kikiwa kimefungwa zinazidi kujazana kila dakika. Virusi vya surua vinaweza kubaki hewani mpaka masaa mawili baada ya mgonjwa kuondoka, hiyo utaipimia mita ngapi?

Januari 2020 kule Guangzhou, China, watu 10 wa familia tatu waliokula mkahawa mmoja, meza za jirani, walipata korona, na meza zimeachana kama mita moja! Madirisha hamna, kiyoyozi ndo kilikuwa kinazungusha hewa ile ile baina yao. Na hivi viyoyozi vyetu vya ukutani ni hivo hivo, vinapoza hewa iliyomo ndani, mpya havileti. Feni la juu nalo vile vile, liwasheni lakini dirisha liwe wazi.

Ukitaka kujua ukumbi wako uko vipi huna haja ya mashine. Washa chetezo, tia udi, weka katikati afu tazama moshi. Ukiona umejikalia pale pale juu ya vichwa ujue na pumzi za watu zinakaa hivo hivo. Fungua madirisha ya pande mbili zinazotazamana, maana hewa ikiingia lazma ipate pa kutokea, utaona moshi unavokimbia. Upande mmoja mie sikubali, nasema kila siku na kila siku nakuta upande mmoja. Ukishamaliza hapo ndo punguza watu, fupisha muda, na wanaosubiri zamu wakae nje chini ya mwembe, si kwenye korido.

Ndo maana zile daladala za bodi ya mbao zilizo wazi ubavuni sizilaumu sana kama wenzangu, ingawa mmebanana magoti kwa magoti na jirani akikukoholea usoni upepo haukusaidii kitu, vaa barakoa. Shida yangu ni masika, mvua ikianza turubai linashushwa pande zote mbili na gari imeshakuwa chumba. Acheni japo upande usiopigwa na mvua.

Kipima joto mlangoni? Kinamkamata mwenye homa tu, na mwenye korona anaweza kuambukiza siku moja mbili kabla hajahisi chochote.

Kuwapulizia watu klorini getini acheni kabisa, Shirika la Afya Duniani lilishasema tangu 2020 watu wasipuliziwe. Inawasha macho na ngozi, na virusi vilivyomo kifuani havijaguswa.

Na kuna wanaotangaziwa kipindupindu wakakimbilia kuachanisha viti, afu kwenye shughuli bakuli moja la kunawia linazungushwa sinia kwa sinia, kila mtu anachovya mikono kisha anaingia kwenye pilau. Kipindupindu kinapita kwenye maji na chakula kilichoingia kinyesi, hakipiti kwenye pumzi. Mtu mmoja ashike birika ammiminie kila mlaji na sabuni iwepo, maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, na chooni pia pawe na maji na sabuni toka asubuhi mpaka mgeni wa mwisho aondoke.