Uhalisia wa picha za kompyuta kwenye filamu: jicho linapima nini?

Watu wawili wanatazama filamu, mmoja anaguna: "Hapo kompyuta, inaonekana kabisa." Ukimuuliza ameonaje, anakwama. Jicho lake limeshatoa hukumu, maneno ya kuielezea ndiyo hana. Hukumu hiyo ndiyo inayoitwa kupima uhalisia wa picha za kompyuta: ni kwa kiasi gani kitu kilichotengenezwa kwa programu kinasadikika kwamba kilikuwepo mbele ya kamera siku ya kupiga picha.

Tushike hayo maneno "mbele ya kamera". Wengi hudhani picha ya kompyuta hupimwa kwa kulinganishwa na dunia tunayoiona kwa macho. Lakini filamu hutuletea dunia iliyokwisha kupita kwenye lenzi, na lenzi ina tabia zake. Filamu nyingi hupigwa kwa fremu 24, yaani picha tuli 24, kwa sekunde, na kila fremu kwa kawaida hupokea mwanga kwa 1/48 ya sekunde. Mkono ukirushwa kwa kasi ndani ya muda huo mfupi, fremu inaunasa ukiwa umefifia kingo, kama rangi iliyopakazwa kwa kidole. Kompyuta ikiachwa ichore yenyewe, mkono huo utatoka mkali na safi, na hapo jicho litaushtukia. Ndiyo maana mafundi huongeza ule ukungu wa mwendo kwa makusudi, pamoja na chembechembe za filamu na hata kasoro ndogondogo za lenzi.

Halafu kuna mwanga. Ukitazama video za jinsi filamu zinavyotengenezwa, utamwona mtu amesimama mbele ya kamera na mipira miwili, mmoja wa kijivu usiong'aa, mwingine wa kromu unaong'aa kama kioo. Wa kromu unaakisi karibu mazingira yote: dirisha liko huku, taa iko juu, ukuta mwekundu uko kushoto. Wa kijivu unaonyesha kivuli kinaanza ghafla au taratibu. Mwaka 1998 Paul Debevec, mtafiti wa picha za kompyuta, alionyesha jinsi mwanga uliopimwa mahali halisi unavyoweza kukiangazia kitu ambacho hakikuwepo hapo. Ukuta mwekundu ukiwa kando ya kiumbe, shavu lake la upande huo lazima lipate wekundu kidogo. Wekundu huo usipokuwepo, kiumbe anaonekana amebandikwa.

Kwangu mimi, kipimo kikali kuliko vyote ni uzito, na mahali pa kuutafuta ni kwenye unyayo. Mtazame kiumbe mkubwa akikanyaga tope. Tope linatakiwa libonyee na kusukumwa pembeni mguu ukiwa bado unazama, nyama ya paja itikisike, kisha mwili uliobaki ufuate kwa kuchelewa kidogo. Ukubwa nao una mwendo wake. Mkono wa jitu la mita 30 una safari ndefu ya kushuka, kwa hiyo lazima tuuone ukichukua muda. Jitu hilo likigeuka kwa wepesi wa paka, akili inalisoma kuwa kidoli, hata kama kila kinyweleo kimechorwa kwa ustadi. Vivyo hivyo mwigizaji anapomshika kiumbe: je, manyoya yanalala chini ya vidole? Kuna kivuli chembamba pale ngozi mbili zinapokutana? Siku ya kupiga picha huenda alikuwa anapapasa sponji au hewa tupu, na mara nyingi siri huvujia hapo.

Jurassic Park ya 1993 bado inasifiwa kwa jambo hili, nami naona inastahili. Dinosaria wa kompyuta wanaonekana kwa dakika chache tu katika filamu nzima. Tyrannosaurus anashambulia magari usiku, kwenye mvua, na baadhi ya picha za tukio hilo ni za mashine ya ukubwa kamili iliyojengwa na timu ya Stan Winston, fundi wa viumbe vya filamu. Mtazamaji akishaiamini ile iliyoguswa na maji ya kweli, imani hiyo anahamia nayo kwenye ya kompyuta inayofuata.

Kwa mafundi, kitu kigumu zaidi kukitengeneza ni uso wa binadamu. Mwaka 1970 Mjapani Masahiro Mori, mtaalamu wa roboti, aliandika kwamba roboti anavyozidi kufanana na mtu tunazidi kumpenda, hadi anapokaribia sana bila kufika, na hapo upendo unageuka kuwa kinyaa. Ngozi ni sehemu ya tatizo. Weka tochi nyuma ya vidole vyako gizani, utaona mwanga unapenya na kutoka mwekundu. Uso wa kompyuta usiopitisha mwanga kwa namna hiyo unafanana na plastiki.

Kuna dhuluma moja katika hukumu hizi inayoniuma: tunahukumu zile tu tulizozigundua. Katika filamu ya Zodiac ya 2007, damu nyingi ni ya kompyuta, na hata sehemu za jiji la San Francisco zimejengwa upya kwa kompyuta. Watazamaji wengi walipita hapo bila kushtuka, kwa hiyo kazi hiyo haikuhesabiwa. Anayesema picha zote za kompyuta ni mbovu anazungumzia zilizoshindwa peke yake, na baadhi ya hizo zimeshindwa kwa sababu mafundi hawakupewa muda.

Hata upande wa pili jicho huteleza. The Lion King ya 2019 inaonekana kama imepigwa mbugani, na karibu yote ni ya kompyuta. Mwongozaji wake, Jon Favreau, alieleza baadaye kwamba aliingiza picha moja tu iliyopigwa kwa kamera Afrika, aone kama kuna atakayeitambua. Ni ile ya kwanza kabisa, jua linapochomoza.