Kuwatazama nyangumi kaskazini mwa Norwei: boti inayojua kusubiri

Mji mdogo wa Andenes, ulio kwenye ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Andøya nchini Norwei, umepata sifa yake kutokana na umbile la sakafu ya bahari. Katika sehemu kubwa ya pwani ya nchi hiyo, maji ya kina kirefu yako mbali na nchi kavu. Hapa, hata hivyo, bonde la chini ya bahari liitwalo Bleik limeingia karibu sana na ufuo, hivyo boti ya watalii haihitaji safari ndefu ili kufika juu ya kina kinachozidi mita 1,000. Humo wamo ngisi na samaki wa vilindini, nao ndio wanaowavuta nyangumi wa spishi ya Physeter macrocephalus, wakubwa kuliko nyangumi wote wenye meno, ambao kichwa chao butu huchukua karibu theluthi moja ya mwili.

Wanaoonekana Andenes ni madume. Majike wa spishi hii huishi na ndama wao kwa makundi katika bahari zenye joto, lakini madume wakishakua hujitenga na kusafiri hadi maji ya baridi kutafuta chakula kingi. Kwa sababu hiyo mtalii asitarajie kuona kundi kubwa likicheza, bali mnyama mmoja mwenye urefu wa takriban mita 15, aliyelala juu ya maji akivuta pumzi baada ya kazi ngumu.

Kazi hiyo hufanyika gizani. Nyangumi huyu huzama kwa dakika 30 hadi 60, mara nyingine zaidi, na huwinda kwa kutoa milio mifupi na mikali ambayo mwangwi wake humjulisha mawindo yalipo. Kwa nguvu ya milio hiyo hakuna mnyama anayemzidi. Sauti husafiri majini kwa kasi ya takriban mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani, na kwa hiyo nahodha mzoefu hamtafuti nyangumi kwa macho kwanza. Huzima injini, hushusha maikrofoni ya majini, na kusikiliza ile milio ya mfululizo inayofanana na ya fundi anayepigilia misumari nyumba ya tatu. Akiigeuza maikrofoni huku na huku hupata upande inakotokea. Milio ikikoma kwa muda, mara nyingi ni dalili kwamba mnyama ameanza kupanda, na hapo mabaharia huanza kukagua upeo wa macho wakitafuta mvuke wa pumzi, ambao kwa spishi hii hutoka kwa mshazari, kuelekea mbele na kushoto.

Dakika zinazofuata ndizo ninazoomba kila abiria azielewe. Nyangumi hukaa juu kwa dakika kama 10 tu, na katika muda huo anapaswa kujaza hewa ya kutosha damuni na katika misuli kwa ajili ya mzamo unaofuata. Boti ikimjia kwa kasi, ikimkatia njia mbele au ikimzunguka, huenda akakatiza mapumziko na kuzama kabla ya wakati. Mara nyingi anayeondoka hivyo huzama bila kuinua mkia, na abiria aliyetaka picha ya mkia ndiye wa kwanza kuikosa. Nahodha mwenye adabu humsogelea taratibu kutoka ubavuni, akielekea nyuma kidogo, kisha huiacha injini ikivuma polepole bila kubadilisha mwendo ghafla, na huziachia nafasi boti nyingine badala ya kushindana nazo.

Majira ya baridi mambo hubadilika. Samaki aina ya heringi hukusanyika kwa wingi katika hori za kaskazini, wakifuatwa na orka, wanyama wakubwa weusi na weupe wa jamii ya pomboo, pamoja na nyangumi wenye nundu. Katika miaka ya 1990 makundi hayo yalikuwa Tysfjord. Baadaye yalihamia kaskazini hadi maeneo ya Tromsø, na kisha Skjervøy, mahali ambapo jua halichomozi kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari. Orka huwazunguka heringi, huwabana karibu na uso wa maji, na kuwapiga kwa mikia hadi wazimie. Ni uwindaji wa ushirikiano, na boti inayopita katikati huweza kuuvuruga. Vyombo vya uvuvi navyo huwafuata heringi hao hao, ndiyo maana Norwei imeviwekea vyombo vya utalii masharti ya kutovikaribia vinapovua.

Mahali pengine hatari ni kubwa zaidi, na sheria zimekuwa kali kulingana nayo. Orka wa kundi liitwalo “wakazi wa kusini”, katika maji ya mpaka wa Marekani na Kanada, hawafiki 80, na Marekani iliwaorodhesha kuwa wako hatarini kutoweka mwaka 2005. Chakula chao kikuu ni samoni aina ya Chinook, wanaowatafuta kwa mwangwi, na kelele za rafadha hufunika mwangwi huo. Tangu Januari 2025 jimbo la Washington linavitaka vyombo vikae yadi 1,000 kutoka kwao, yaani zaidi ya mita 900. Naiona sheria hiyo kuwa ya haki, ingawa inawanyima watalii picha za karibu.

Wasomaji wa Zanzibar wanalijua tatizo hili. Utafiti uliofanywa kusini mwa Unguja, eneo la Kizimkazi, ulionyesha kwamba boti za watalii zinapokuwapo pomboo hupunguza mapumziko na muda wa kutafuta chakula. Kanuni ya kutowakatia njia haina tofauti kati ya bahari ya baridi na ya joto.

Anayepanga safari ya kaskazini na aiulize kampuni maswali mawili kabla ya kulipa: boti husogea umbali gani, na nahodha hufanya nini akikuta boti nyingine zimeshafika. Asiyependa mawimbi wala baridi anaweza kwenda Uskoti, katika rasi ya Chanonry kwenye hori ya Moray, ambako maji yanapoanza kujaa pomboo huja kuwinda samoni karibu kabisa na ufuo, na watu huwatazama wakiwa wamesimama kwenye kokoto.