Mwizi asiyefika mlangoni: hesabu ya Billy Hamilton

Tarehe 3 Septemba 2013, katika ligi kuu ya besiboli ya Marekani, Cincinnati Reds walikuwa kwenye uwanja wao wakicheza na St. Louis Cardinals. Awamu ya saba kati ya tisa, bado bila kwa bila. Kocha Dusty Baker akamtoa Ryan Ludwick aliyekuwa besi ya kwanza, akamwingiza kijana wa miaka 22 ambaye hajawahi kucheza ligi kuu hata siku moja. Uwanja mzima ulijua Billy Hamilton ameingia kuiba, yaani kuikimbilia besi inayofuata bila kusubiri mpira upigwe. Yadier Molina, mdakaji wa Cardinals ambaye mkono wake uliwatia hofu wakimbiaji wa ligi nzima, naye alijua. Hamilton akachomoka hivyo hivyo, akaifikia besi ya pili salama. Todd Frazier akapiga, kijana akaingia nyumbani, besi ya mwisho inayoipa timu alama, Reds wakashinda 1-0.

Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa ameiba besi 155 katika ligi ndogo, akavunja rekodi ya Vince Coleman ya 145. Kwa hiyo mwaka 2014 ulipofika, hakuna aliyeshangaa kumwona mlinzi wa uwanja wa kati, na jina lake juu kabisa ya orodha ya wapigaji. Mimi kazi yangu ni hizi takwimu, na swali la Hamilton ndilo ninaloulizwa kuliko yote: mtu mwenye mbio hivi na gongo dhaifu hivi, anastahili kuanza?

Hayo ni maswali mawili. Kuna kuanza mchezo, na kuna kupiga wa kwanza. Makocha wengi wameyafunga katika furushi moja, na hapo ndipo timu zinapoumia.

Tuanze na kupiga wa kwanza. Timu ina auti 27 tu kwa mchezo, yaani mara 27 za mpigaji au mkimbiaji wake kutolewa, zikiisha umekwisha. Kwa hiyo kitu cha kwanza ninachokitazama kwa mpigaji yeyote ni hiki: katika kila zamu 100 za kupiga, mara ngapi anafika besi bila kuipotezea timu auti? Iwe kwa pigo safi, kwa mipira minne mibovu ya mrushaji inayompa besi ya bure, hata kwa kugongwa na mpira, yote ni kufika. Mwaka 2013 mpigaji wa kwanza wa Reds alikuwa Shin-Soo Choo, na alifika asilimia 42.3 ya zamu zake. Akavuka nyumbani mara 107. Akaondoka kwenda Texas, Hamilton akairithi nafasi, akafika asilimia 29.2, wakati wastani wa ligi kuu mwaka huo ulikuwa karibu 31.4.

Ukiziweka tarakimu hizo kwenye zamu 700, Choo anafika besi mara 296 na Hamilton mara 204. Hizo ni mara 92 ambazo wapigaji wanaofuata, Joey Votto na wenzake, wangekuta mtu barabarani, wakakuta vumbi tupu. Mikimbio ya Reds, yaani alama zao za msimu, ikashuka kutoka 698 hadi 595. Simbebeshi Hamilton mzigo wote huo, maana Votto mwenyewe aliumia mwaka ule akacheza mechi 62 tu, lakini sehemu ni yake.

Watu hunijibu: aliiba besi 56! Ni kweli. Alikamatwa pia mara 23. Besi moja ya kuibwa huongeza karibu moja ya tano ya mkimbio, na kukamatwa hupoteza karibu mara mbili ya hapo, kwa sababu umempoteza mkimbiaji na auti kwa mpigo mmoja. Piga hesabu: iliingia mikimbio 11, ikatoka 9. Mbio zote zile, jasho lote lile na magoti kuchubuka, faida mikimbio miwili kwa msimu mzima.

Mwaka uliofuata aliiba kwa ustadi wa ajabu, 57 na kukamatwa 8 tu. Hiyo ni faida ya mikimbio 8 hivi, na mikimbio 10 ndiyo takriban ushindi mmoja. Lakini kufika besi kulishuka hadi asilimia 27.4. Wachezaji wenyewe husema besi ya kwanza haiibiki.

Ukitaka kuona upande wa pili, mtazame Brett Butler wa Los Angeles Dodgers mwaka 1991. Mipira miwili tu ndiyo aliyoivusha ukuta msimu mzima. Kwenye kuiba alikuwa mbovu hasa mwaka ule: 38 alizipata, 28 alikamatwa, kwa hesabu yetu ile ni hasara tupu. Hata hivyo alifika besi asilimia 40.1 ya zamu zake na kuvuka nyumbani mara 112. Alipewa besi kwa mipira mibovu mara 108, maana aliikata na kuisukuma nje mipira mizuri hadi mrushaji akachoka. Gongo dhaifu halimnyimi mtu nafasi ya kwanza. Kinachomnyima ni gongo dhaifu lisilo na subira.

Subira hiyo ni ngumu kwa mwenye gongo dhaifu kuliko kwa mpigaji mwenye nguvu, na hili ni la kuelewa kabla ya kumlaumu mtu. Mrushaji akikabiliana na mwenye nguvu, huogopa kuupitisha mpira katikati, anazungukazunguka pembeni, na mipira mibovu inazaliwa hapo. Kwa Hamilton haogopi kitu. Anaurusha katikati. Walinzi wa nje nao wanasogea karibu, na ule mpira mfupi ambao ungetua mbele yao unadakwa. Ndiyo maana nikimpima kijana wa aina hii nayaangalia mambo mawili kuliko wastani wake wa mapigo: anafanya nini mrushaji akishakosea mipira mitatu, na je, mipira yake inakwenda chini au inapaa. Mwenye mbio anayepiga juu anaitupa miguu yake.

Sasa kuanza mchezo. Hapa nasimama upande wa Hamilton bila kusita. Mpira uliokuwa utue kwenye nyasi, mlinzi akiugeuza auti, ameokoa robo tatu ya mkimbio au zaidi. Mlinzi wa kati anayedaka mipira 20 ambayo mwenzake wa kawaida angeikosa ameokoa mikimbio 15, kuliko faida yoyote ya wizi wake. Na Hamilton katika miaka yake ya Cincinnati alikuwa miongoni mwa walinzi bora kabisa wa eneo hilo.

Basi mpe uwanja wa kati, mpeleke chini ya orodha. Kila nafasi unayomshusha inampunguzia takriban zamu 18 kwa msimu wa mechi 162, kutoka ya kwanza hadi ya tisa ni zamu 144. Zamu hizo wape wanaofika. Kocha Bryan Price alilijaribu hilo mwaka 2015, akamweka wa tisa kwa kipindi, na binafsi ningemwacha huko huko: siku akifika besi, wanaofuata ni vinara wa timu.

Msimu wa 2018 alifika asilimia 29.9, wizi ukapungua hadi 34, Reds wakamwachia aende zake. Miaka yake ya mwisho, katika timu kadhaa, mara nyingi aliingia mwishoni mwa mchezo kulinda au kukimbia badala ya mwenzake, kazi ile ile aliyoanza nayo usiku ule mbele ya Molina.