Biashara kuingia, kutoka na kukua: kitovu na pembezoni vinatofautianaje

Watu wa uchumi wakisema kitovu wanamaanisha pale wateja, mzigo, benki, bandari na mafundi vimekusanyika pamoja, na pembezoni ni kule ambako kila kimoja hapo unakifuata mbali. Kwa Bongo kitovu ni Dar, ukitaka kukiona kwa macho nenda Kariakoo.

Kariakoo fremu haikai tupu, mtu akishindwa kodi leo kesho mwingine kashalipa kilemba, yaani pesa ya kuachiwa fremu, pale palipokuwa na mapazia sasa viatu. Wanaingia wengi na wanatoka wengi maana jirani yako anauza kitu kilekile na bei anashusha, ila anayebaki anaweza kukua haraka sana sababu wateja wake sio watu wa Ilala tu, wanakuja mpaka wa Zambia, Malawi na Congo kufunga mzigo.

Sasa shuka Mtwara. Maduka mapya machache, yanayofungwa nayo machache, ndo unasikia watu wanasema huku biashara zinadumu. Hapo kwa kweli tunajidanganya. Duka lina miaka 15 na shelfu zilezile kwa vile hakuna wa kushindana nae, na mwenyewe akifunga hana kingine cha kufanya, huko ni kudumu lakini sio kukua. Halafu pesa yenyewe inategemea korosho, minada inaanza kama Oktoba, mtaa unachangamka miezi michache kisha kimya, sasa nani ataajiri watu wa mwaka mzima? Msimu wa 2018 bei ilivyoleta mvutano serikali ikaamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wakulima wengi wakasubiri malipo, na mkulima asipolipwa muuza bati nae hauzi.

Vikubwa vinakuja, sikatai, kiwanda cha saruji cha Dangote kilianza Mtwara 2015. Lakini hicho kimetoka nje na mtaji wake, sio duka la pale lililokua likawa kiwanda, na mwaka huohuo bomba la kupeleka gesi ya Mtwara Dar nalo likakamilika, yaani hata gesi yenyewe ikafuata kitovu.

Kwa hiyo ukipewa hesabu ya biashara zilizofungwa mkoani kwako, uliza pia ngapi zimefunguliwa, na zilizobaki zimeongeza wafanyakazi wangapi, maana Kariakoo duka likifa kijana anahamia fremu ya pili, Mtwara anapanda basi la Dar.