Maana ya “kuungwa mkono na umma” katika udhibiti wa tumbaku

Katika udhibiti wa tumbaku, kuungwa mkono na umma ni kipimo cha sehemu ya watu wanaokubali hatua fulani, kama vile kukataza uvutaji migahawani, kupandisha ushuru wa sigara au kuweka picha za onyo kwenye pakiti. Kila hatua hupimwa peke yake, kwa kuwa mtu yuleyule asiyetaka kabisa moshi ndani ya daladala anaweza kuupinga vikali ushuru utakaopandisha bei ya sigara anayoinunua moja moja kibandani, pale ambapo kiberiti cha gesi hufungwa kwa kamba dirishani ili kila mteja awashe na kukiacha.

Kipimo hiki husomwa sambamba na kiwango cha uvutaji, na wengi hudhani kwamba wavutaji wakipungua sheria nayo itakubalika. Takwimu zenyewe zinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Nchini Tanzania, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa asilimia 8.7 ya watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi walikuwa wakitumia tumbaku, yaani asilimia 14.6 ya wanaume na 3.2 ya wanawake, lakini ndani ya hesabu hiyo wamo pia watumiaji wa ugoro na tumbaku ya kutafuna, ambao katazo la moshi haliwagusi. Isitoshe, asilimia inaweza kushuka huku idadi ya wavutaji ikipanda, endapo watu nchini wanaongezeka kwa kasi.

Mfano unaofundisha zaidi ni wa Ireland, iliyokuwa nchi ya kwanza kukataza uvutaji ndani ya sehemu zote za kazi, baa zikiwemo, tarehe 29 Machi 2004. Kabla ya sheria hiyo kuanza, ni asilimia 13 tu ya wavutaji waliohojiwa waliokubali katazo kamili katika baa. Baada ya kuanza, waliokubali walifika asilimia 46. Hao ni wavutaji wenyewe, wala si majirani zao wanaokereka. Kwa maoni yangu, jibu la awali lilikuwa hofu ya jambo ambalo hawajalionja, na la pili lilitolewa na watu waliokwisha kuzoea kutoka nje kuvuta na kurudi kwenye viti vyao. Ndiyo maana serikali inayosubiri wengi wakubali kwanza ndipo itunge sheria inaweza kusubiri kitu ambacho huletwa na sheria hiyohiyo.

Namna ya kuuliza nayo hubadili jibu: kuulizwa kama wahudumu wa baa walindwe dhidi ya moshi si sawa na kuulizwa kama serikali iwakataze wateja kuvuta, ijapokuwa hatua ni moja.

Kukubali, hata hivyo, si kutii. Sheria ya Kenya ya Udhibiti wa Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kuuza sigara nje ya pakiti yenye angalau sigara kumi. Vibandani bado zinauzwa moja moja, na kwa kuwa onyo limechapishwa kwenye pakiti, linabaki na muuzaji chini ya kaunta huku mteja akiondoka na sigara yake mkononi.