Prost hakuachwa mbali na Senna mwaka 1988
Mashabiki wengi wa mbio za magari za Formula 1 hudai kwamba mwaka 1988 Ayrton Senna alimwacha mbali Alain Prost, mwenzake katika timu ya McLaren, kwa sababu Prost alikuwa mpole na mwenye hesabu nyingi. Pointi zinaonyesha vingine. Prost alishinda mbio 7 na kushika nafasi ya pili mara 7: pointi 105. Senna alipata 94. Ila kanuni za wakati huo zilihesabu matokeo 11 bora tu kati ya mbio 16, hivyo Prost akapoteza nafasi tatu za pili, akabaki na 87 dhidi ya 90 za Senna. Senna alistahili taji: alishinda mbio 8 na kuanza wa kwanza mara 13. Lakini injini za tabo (zinazosukumiwa hewa ya ziada ili kuongeza nguvu), kama za McLaren, ziliruhusiwa lita 150 tu za mafuta kwa mbio, na kuyatunza bila kupoteza kasi, kwa hesabu kama za Prost, ni kipaji halisi.